Bonyeza Sita

Wadi ya Mifupa, kitanda cha tatu
Jumatatu, 3 Machi

Dada yangu,

Nakuandikia kwa sababu mimi na simu, kama unavyojua, tulishaachana siku nyingi. Jana ulipopiga, muuguzi aliniwekea sikioni nikasikia mvumo tu, kama nyuki ndani ya debe, nami nikawa naitikia "ndiyo, ndiyo." Kama kuna jambo nimekubali, lifute. Dereva wa gari la dawa anasema huja huko kwenu kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kwamba kubeba barua ya mdogo wake Sista Mkuu ni heshima kwake. Kumbe cheo chako kinanifaa hata mimi.

Mguu umetiwa vyuma, na juu yake plasta ngumu kutoka vidoleni mpaka chini ya goti. Gunia moja lingenivunja, lakini yaliniporomokea manne, ghala zima lilikuwa na hasira na mimi. Daktari wa mifupa ameahidi kwamba baada ya miezi mitatu nitasimama kwenye mashine kama zamani. Nilimwambia nina kazi moja tu duniani, ya kusaga unga, nayo hufanywa kwa miguu miwili. Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Sasa nikueleze kisanduku chenu, hata kama wewe ndiye uliyekileta. Kimekaa kando ya kitanda kama redio ndogo. Nikitaka kidonge cha maumivu simpigii mtu kelele. Nagusisha bangili ya plastiki ya mkononi, kinawaka na kuniuliza maumivu ni namba ngapi, kuanzia sifuri hadi kumi. Nabonyeza, kidroo kinafunguka, kidonge kimoja ndani. Kisha kinajifunga kwa muda wa saa nne, hata ukibembeleza. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, lakini hiki kinauliza kwanza. Juzi nilibonyeza nane mara mbili, kengele ikalia, daktari akaja mbio koti likipepea. Nilijiona malkia.

Jirani yangu wa kitanda cha nne ni bibi mmoja karani mstaafu, nyonga imevunjika lakini ulimi mzima. Anakusalimu.

Mdogo wako,
Mama Unga

*

Chumba cha Mafunzo, Hospitali ya Pili
Jumatano, 5 Machi

Kitinda wangu,

Nimecheka barua yako mpaka wanafunzi wangu wameniuliza kulikoni. Pole sana na mguu. Nimezungumza na daktari, ni kijana makini, uko mikono salama. Mama hapa nyumbani kwangu hajambo, anakuombea asubuhi na jioni.

Sasa sikiliza, nina ombi moja, na libaki kati yetu wawili. Usibonyeze namba inayozidi sita. Ukianzia saba kwenda juu kengele inalia, na kompyuta inaandika kwamba kisanduku kimeshindwa kutuliza maumivu. Zile nane zako mbili zimeshafika huku, na mkubwa wangu ameniuliza kuna nini kitanda cha tatu. Ukibonyeza sita utapata kidonge kilekile, hakipungui hata chembe. Namba ni ya kompyuta, kidonge ni chako. Unaona hakuna unachopoteza?

Wakaguzi wanakuja Ijumaa ya tarehe 21. Wakiridhika, visanduku vitawekwa hospitali zote, na mimi ndiye nitakayevisimamia. Umri wangu unaujua. Nafasi kama hii haitarudi.

Nisingemwomba mtu mwingine. Nakuomba wewe kwa sababu ni wewe.

Dada yako

*

Wadi ya Mifupa
Ijumaa, 7 Machi

Dada,

Yaani ndilo hilo tu? Ulivyozunguka nilidhani unaniomba figo. Kuanzia leo mimi ni wa tano na sita, na siku nikiwa na furaha nitakupa nne ya nyongeza. Wakaguzi wakija watakuta mgonjwa anayecheka peke yake.

Karani ameniona nikibonyeza tano huku nimeuma shuka. Ananisemea sikio la kulia, lile ambalo bado lina uhai. Aliniambia, "Mwanangu, nimekaa ofisini miaka thelathini na mbili. Nimeandika mambo ya kipumbavu mengi, lakini namba ya uongo sijawahi." Nikamwambia hii si ofisi. Akasema, "Popote penye namba ni ofisi." Ndiye niliyepewa kulala naye, bwana.

Usiwe na wasiwasi. Ulipokuwa chuo cha uuguzi, mimi nilibaki na mashine ya marehemu baba ili usome. Ikanila masikio, na sijawahi kukulaumu, maana nilikuwa nikikuona na sare yako nyeupe nasema yule ni mimi kwa upande mwingine. Sasa nishindwe kukubonyezea kitufe?

Mdogo wako

*

Wadi ya Mifupa
Jumatano, 12 Machi

Dada,

Leo sina utani mwingi. Tangu Jumapili plasta imekuwa kama imepungua, au mguu umeongezeka, sijui. Unapwita. Vidole vya mguu vimevimba, viwili vimekufa ganzi, na kuna harufu ambayo nilidhani inatoka kwa jirani, kumbe ni yangu.

Nameza kila kisanduku kinapofunguka. Ile saa ya mwisho kabla hakijafunguka, Dada, naitazama taa yake nyekundu na kuhesabu vigae vya dari. Halafu inakuwa ya kijani, nagusisha bangili, kinaniuliza, nami nabonyeza sita. Ni kumi. Nakwambia wewe, sijamwambia mwingine: ni kumi.

Daktari alipita jana asubuhi. Alipima joto, akasema hakuna homa, akatazama kompyuta, akaonyesha dole gumba. Alikuwa amevaa barakoa, na mimi bila kuona mdomo siambulii neno. Nikamwonyesha dole gumba na mimi. Ningefanya nini? Nikilia atauliza mbona nimeandika sita.

Niambie. Nibonyeze kumi? Neno lako moja tu, nitafuata. Huu mguu ndio riziki yangu.

Mdogo wako

*

Chumba cha Mafunzo
Ijumaa, 14 Machi

Kitinda,

Nimeisoma barua yako katikati ya kazi, nisamehe mwandiko. Wiki ya pili huwa hivyo, mfupa ukianza kuunga lazima uume. Huna homa, hiyo ndiyo dalili njema kuliko zote. Harufu ni jasho ndani ya plasta, kila mgonjwa analalamikia hilo.

Sita inatosha. Imebaki wiki moja tu mpaka wakaguzi waje, ukiruka sasa hivi utaharibu mstari wote uliokwenda vizuri. Inua mguu juu ya mto, kunywa maji mengi, na usimsikilize huyo karani wako.

Nakuaminia. Wewe ndiye mwanamke jasiri kuliko wote ninaowajua.

Dada yako

*

Wadi ya Mifupa, kitanda cha nne
Jumatano, 19 Machi

Kwa Sista Mkuu,

Mimi ni jirani wa mdogo wako. Hatujaandikiana, lakini tunafahamiana. Ulinifunga bangili kwa mikono yako kabla hujahamia huko.

Jana asubuhi mdogo wako hakuamka kunywa chai. Nilimwita, na kwa kuwa hasikii vizuri nikamrushia kitambaa, kisha kikombe cha plastiki. Hakushtuka. Nikagusisha bangili yangu nikabonyeza kumi, kisha nikapiga kelele kwa kuwa sikuiamini kengele. Walikuja. Walipokata ile plasta, Sista, mimi niliyezika mume na watoto wawili niligeuza uso ukutani.

Daktari amesema vidonda vya upasuaji vilioza kwa ndani, na kwamba vidonge hivyohivyo vya maumivu ndivyo vilivyokuwa vikishusha homa isionekane. Amesema kitu pekee ambacho kingewashtua ni namba. Mguu wa kushoto umekatwa chini ya goti saa saba mchana. Yu hai.

Jana usiku alizinduka kidogo, akaniuliza kwa sauti ya juu kama kawaida yake, "Dada amejibu?" Nilimsomea tena ile barua yako ya Ijumaa, aliyokwisha kuisoma.

Nimeandika jinsi nilivyoona, bila kuongeza.

Karani mstaafu

*

Nyumbani
Jumatatu, 24 Machi

Mdogo wangu wa pekee,

Nianzie wapi? Nimelia mpaka macho yamegoma. Mama hajala siku tatu. Mungu ndiye ajuaye kwa nini, sisi kazi yetu ni kupokea.

Ningekuja siku ileile, ila wakaguzi walikuwa njiani na hakuna mwingine wa kuwaongoza. Nitakuja, mambo yakitulia. Nimekwisha kukuagizia mguu wa bandia mzuri, mwepesi, siku hizi watu wanatembea nao hata huwezi kujua. Na ukitoka, unakuja kuishi hapa kwangu. Kinu tutakikodisha.

Daktari ameomba iundwe kamati ya kuchunguza kilichotokea. Ni utaratibu wa kawaida, usiogope. Watakuuliza maswali machache. Wewe useme ulikuwa unabonyeza mwenyewe jinsi ulivyojisikia, basi. Na zile barua zangu zote mpe dereva anirudishie. Nataka kuzihifadhi mahali pamoja na zako.

Dada yako akupendaye

*

Nyumbani kwa dada yako
Ijumaa, 28 Machi

Mwanangu,

Naandika mwenyewe. Pole, mama. Ningeweza ningekukatia wangu, mimi sina pa kwenda nao tena.

Dada yako amenieleza yote. Anasema kuna watu wanataka kumpakazia ubaya kwa sababu ya mguu wako, na kwamba neno lako ndilo litakalomwokoa. Mwanangu, maji yakimwagika hayazoleki. Mguu hautarudi hata ukiwafukuza kazi wauguzi wote. Nina watoto wawili. Mmoja ameumia, usiniumizie na wa pili.

Funika kombe mwanaharamu apite. Mimi mama yako ndiye ninayekuomba.

Mama

*

Wadi ya Mifupa
Jumatano, 2 Aprili

Dada,

Barua sijampa dereva. Nitakwambia kwa nini.

Jana karani wa kamati aliniletea taarifa yako niisome kabla ya kikao. Nadhani hakutakiwa, ila aliniona nina macho akadhani si dhambi. Ni kurasa nne, zimepigwa chapa vizuri, lugha ya mtu aliyesoma. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani wamekosea mgonjwa.

Umeandika: "Mgonjwa aliingiza namba zote kwa hiari yake, bila kuelekezwa na mtumishi yeyote." Sawa, hilo nilishalitarajia, ulikuwa umeniandaa. Kisha umeandika: "Mgonjwa ana tatizo kubwa la kusikia, na uwezo wake wa kufuata maelekezo ni mdogo. Inawezekana hakuwahi kuelewa maana ya namba hizo." Na mwisho unashauri kwamba watu wa aina yangu wasipewe kisanduku, kwa usalama wao.

Watu wa aina yangu, Dada. Masikio haya nilizaliwa nayo mazima. Unajua yalikwenda wapi, unajua yaliliwa mwaka gani mpaka mwaka gani, na nani alikuwa darasani wakati huo. Unaweza kuukana mguu wangu, ulikuwa mbali hukuuona. Masikio yangu umeyaona yakifa.

Na kuna jingine. Nilipomwambia jirani yangu kwamba wewe uliniomba siri kwa kuwa mimi ni ndugu yako, alinitazama kwa huruma nikachukia. Kumbe ulimwambia hata yeye, siku ile ulipomfunga bangili. "Bibi, tusizidi sita." Ulimwambia kitanda cha kwanza, cha pili, cha tano. Wote. Wengine walikataa, wengine wakajisahau wakabonyeza walivyoumia. Mimi peke yangu ndiye niliyeshika neno lako kama sala, kwa sababu uliniambia usingemwomba mtu mwingine.

Niandikie. Si barua ya kamati. Niandikie kweli, hata ikiwa mistari miwili.

Mdogo wako

*

Nyumbani
Ijumaa, 4 Aprili

Mdogo wangu,

Unataka kweli, chukua. Ndiyo, niliyaandika. Niliandika usiku kucha. Mwanasheria wa hospitali alisema kuna njia mbili tu: mgonjwa hakuelewa, au muuguzi alidanganya. Akaniuliza ni ipi. Ningesemaje?

Ndiyo, niliwaambia na wengine. Nilijua hawatashika, watu hawapendi kuteseka kwa ajili ya mtu. Nilijua wewe utashika. Nilihitaji angalau kitanda kimoja chenye mstari mzuri wa kuwaonyesha wakaguzi. Unaona nimekuficha nini tena? Hakuna.

Barua yako ya tarehe 12 niliisoma mara tatu. Sikuwa na hakika. Nilijiambia hana homa, hana homa. Nilitaka sana iwe kweli.

Lakini fikiri na wewe. Nikianguka, naanguka na Mama, na watoto wangu wanaosoma, na hiyo nyumba utakayokuja kulala. Wewe umeshapoteza ulichopoteza, hakuna kitakachoongezeka. Mimi bado nina vyote vya kupoteza. Neno "hakuelewa" halikuumizi popote, ni karatasi tu, litawekwa kwenye faili na kufungiwa. Weka saini kikaoni Jumanne, nami maisha yangu yote nitakuwa miguu yako. Naapa kwa kaburi la baba.

Dada yako

*

Wadi ya Mifupa
Jumatano, 9 Aprili

Dada,

Nilikuwa nakwenda kusaini. Nataka ulijue hilo kabla hujasikia mengine, maana watakuja kukwambia nilikwenda pale na kisasi, na si kweli. Barua ya Mama ilikuwa mfukoni mwa gauni. Mimi na karani jirani yangu hatuongei tangu Jumatatu kwa sababu nilimwambia uamuzi wangu, akanijibu kikulacho ki nguoni mwako, nami nikamwambia nguo ni yangu.

Nilikwenda kwa magongo, sikutaka kiti cha magurudumu. Ni chumba kidogo, meza ndefu, watu watano, mmoja wao daktari wangu, macho chini. Mwenyekiti ni mzee wa heshima, mwenye mvi. Alisimama, akanizunguka mpaka nyuma ya kiti changu, akaniinamia sikioni na kupaza sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto: "MAMA! HAPA! UNAJUA! UKO WAPI?" Nikamwambia niko hospitali. Akawatazama wenzake, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtoto kafanikiwa kuhesabu mpaka tatu. Mama mmoja wa kamati akanipigapiga mgongoni.

Nikavumilia. Nilijiambia ni kwa ajili ya Mama.

Wakanisogezea karatasi, ile ya kwamba sikuelewa. Nikanyoosha mkono kuomba kalamu. Mwenyekiti akanishika mkono taratibu, akaugeuza, na yule mama akafungua kikopo cha wino. Walikuwa wanatafuta dole gumba langu, Dada. Walikwisha kuandaa na kitambaa cha kunifutia.

Umesema neno lile halitaniumiza popote. Lilikuwa limeshafika kwenye chumba kile kabla yangu. Lilikuwa limenivutia kiti. Nikaona nikibonyeza dole pale, kila nitakapoingia nitalikuta limeketi: kwa daktari, kwa wateja kinuni, mezani kwako huku watoto wako wakiambiwa msemesheni shangazi polepole. Nikaikataa. Sikupanga, mkono ulijirudisha wenyewe.

Nikasema nipeni kalamu na karatasi tupu. Nikaandika kurasa tatu, wao wakingoja. Niliandika kwamba nilielewa kila namba. Niliandika kwamba nilibonyeza sita nikijua ni kumi, kwa akili zangu timamu, kwa kumpenda mtu, na hilo ni kosa langu nalibeba. Niliandika kwamba kisanduku hakina ubaya, kinauliza swali jema, ila kiwekwe mahali ambapo mgonjwa hatachaguliwa jibu. Nikatia saini. Kisha nikatoa barua zako kwenye mfuko, zote, hata ile unayosema umecheka mpaka wanafunzi wakakuuliza kulikoni.

Waliisoma ya tarehe 5, wakapokezana. Ya tarehe 14 mwenyekiti aliisoma peke yake, hakumpa mtu, na alipomaliza alivua miwani. Daktari wangu alikuwa analia bila kujificha. Hakuna aliyenipigia kelele tena. Mzee yule alichukua karatasi akaniandikia swali, akaisogeza kwangu kwa mikono miwili: "Huyu Sista Mkuu anayejiita dada yako ni nani hasa kwako?"

Kumbe hukuwaambia. Katika kurasa zako zote nne mimi ni "mgonjwa," kitanda cha tatu, mwanamke asiyesikia. Walikuwa hawajui.

Unajua huwa sipimi sauti yangu. Nilijibu kwa mdomo, na nadhani nilisikika mpaka koridoni: "Ni dada yangu. Tumbo moja."

Wote wakainama. Na mimi niliyesema kweli, nikaona aibu mbele yao kana kwamba ndiye niliyeiba.

Mdogo wako